Mwaka Ule Umeshapita

Kiingilio kilikuwa kibaba cha korosho ghafi.
Dadi Likwata alizitikisa karibu na sikio
asikie kama zimekauka, ndipo akuinulie gunia
uiname, uingie mwaka elfu mbili ishirini na tatu.

Nje ilikuwa tisini na nne, Nachingwea, mwezi wa kumi na moja,
jenereta likikohoa nyuma ya mabati,
na mimi, msichana peke yangu, ndani ya kofia ya kaka yangu,
vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda.

Ndani, magari yaliruka bila mabawa.
Watu walimeza kidonge kimoja wakashiba siku tatu
na hakuna aliyeonekana akiosha sufuria.
Magari niliyaamini.
Hilo la sufuria, hapana.

Kiingereza cha Dadi kiliishia darasa la saba,
lakini maikrofoni ilikuwa yake.
Mtu wa chuma akifumbua mdomo, Dadi alisema:
"Anasema chama cha msingi hakijaleta malipo ya pili."
Tukacheka mpaka benchi likakatika mguu.
Malkia mwenye kipara akanyoosha kidole:
"Anauliza nani kachezea mizani."
Kisha meli, kubwa kama wilaya, ikalipita jua
polepole, dakika nzima, banda zima kimya,
na Dadi akashusha sauti:
"Hiyo imefuata reli."

Bibi Esha hakuwahi kulipa kibaba.
Picha ile aliiona mapema, akiwa kigori, bure:
matingatinga yaking'oa msitu kwa minyororo,
taa za umeme porini, treni ikipanda kutoka Mtwara,
na mzungu juu ya kreti akieleza
jinsi karanga za hapa zitakavyolainisha mikate ya Ulaya.
Karanga hazikusoma mpango.
Wakaja wengine wakaing'oa reli, chuma baada ya chuma,
likabaki tuta. Mbuzi wetu walilipenda masika
kwa kuwa halituami maji.

Na zamani zaidi, kule Tendaguru,
mifupa ya mnyama mrefu kuliko msikiti
ilishuka vichwani mwa watu hadi bandari ya Lindi.
Jana yetu ilisafirishwa, kesho yetu ikaletwa,
na mara zote mbili wapagazi tulikuwa sisi.

Sasa mwaka ule umeshapita.
Ulikwisha Jumapili, nikiwa naosha sufuria.
Kidonge hakijafika.
Ila mwezi wa sita kitu kiliruka juu ya mikorosho ya Somoe
bila mabawa, kikivuma kama nyigu, kikimwaga salfa,
na kijana aliyekiongoza alivaa ndala.
Somoe alitazama juu mara moja, akarudi kupalilia.

Wiki jana mpwa wangu Mnali aliikuta picha ile ndani ya simu.
Nilimjua mtu wa chuma kwa kutu ya shingoni.
Simu inatafsiri yenyewe, neno kwa neno,
Kiswahili cha taarifa ya habari.
Akafumbua mdomo, maandishi yakatokea chini:
Nisaidie. Nakuomba. Sikumbuki nilikotengenezwa.

Miaka yote ile tulikuwa tunamcheka.

Nikakaa kidogo. Nikamwambia Mnali azime maandishi.
Meli ikaanza kulipita jua,
naye akauliza, "Shangazi, hiyo inafuata nini?"
Dadi hayupo. Korosho nilikuwa nazo mfukoni.
Nikatikisa moja karibu na sikio,
nikashusha sauti.